Jinsi ya Kutoa Maoni Kuhusu Riwaya au Tawasifu Bila Kuisimulia Upya: Mwongozo Kamili kwa Wasomaji wa Maktaba

Karibu kila kikao cha wasomaji ninachohudhuria maktabani, jambo lilelile linajirudia. Mtu anainuka na kitabu mkononi, anaanza: "Kitabu hiki kinahusu msichana mmoja aliyezaliwa kijijini..." Dakika kumi baadaye bado yuko sura ya nne. Waliokisoma wanatazama saa. Wasiokisoma wameshaambiwa kila kitu, hawana haja tena ya kukiazima. Anamaliza kwa kusema, "Kwa kweli ni kitabu kizuri, kinafundisha, nawashauri mkisome." Makofi, kisha kimya. Hakuna wa kumjibu, kwa kuwa hakuna alichosema kinachojibika.

Sidhani kama ni uvivu. Wengi wetu tulisomeshwa fasihi kwa ajili ya mtihani: muhtasari, maudhui, wahusika, mbinu za lugha, basi. Hakuna aliyetuuliza kitabu kilitufanya nini. Kwa hiyo tukiombwa maoni tunarudi kwenye kile tulichozoea kupatia alama.

Mwongozo huu ni wa msomaji wa kawaida aliyeazima kitabu kimoja na anatakiwa kukizungumzia mbele ya wenzake, au kuacha kadi ya maoni kwa ajili ya watakaokisoma baadaye. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi hukwama hatua ya nne kwa sababu waliruka ya pili.

## Vitu vya kuandaa

- Kitabu chenyewe, kilichoazimwa kwa muda wa kutosha. Kama tarehe ya kurudisha iko karibu, nenda kaongeze muda kabla haijafika.
- Daftari dogo litakalokaa pamoja na kitabu wakati wote wa kusoma.
- Penseli.
- Vipande vya karatasi vyembamba kama kumi na tano, vya upana wa kidole. Kata karatasi yoyote isiyo na kazi.
- Kadi ngumu moja au nusu karatasi ya kuandikia maoni ya mwisho.
- Saa, au simu yenye kipima muda.

Usitumie kalamu ya wino karibu na kitabu cha maktaba, wala usikunje pembe za kurasa. Hiyo si adabu tu. Mstari uliopigiwa wino unamwamulia msomaji anayefuata mahali pa kutazama, na sisi tunataka aje kikaoni na macho yake mwenyewe.

## Hatua ya 1: Jua umeshika kitabu cha aina gani

Kabla ya ukurasa wa kwanza, pata jibu: hii ni riwaya, ni tawasifu (mtu anaandika maisha yake mwenyewe), au ni wasifu (mtu anaandika maisha ya mwingine)? Tazama jalada la nyuma, utangulizi, na namba iliyobandikwa kwenye mgongo wa kitabu. Katika maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey (wa kupanga vitabu kwa namba kulingana na mada), fasihi ya Kiswahili hukaa kwenye 896.392, na vitabu vya maisha ya watu mara nyingi huwekwa kwenye 920. Ukiwa na shaka, muulize mkutubi.

Sababu ni hii: maswali unayoiuliza riwaya siyo unayoiuliza tawasifu. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kubuni chochote, na unampima kwa jinsi alivyokufanya uamini. Mwandishi wa tawasifu ameahidi kwamba mambo yalitokea, na unampima kwa jinsi anavyoitimiza ahadi hiyo.

Angalizo moja ambalo limewaangusha wengi: neno "mimi" si ushahidi kwamba kitabu ni tawasifu. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, inasimuliwa na Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga anayevuka kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Ni riwaya. Bado utamsikia mtu kikaoni akisema "Walibora alipokuwa Tanga na mama yake..." na hapo mazungumzo yote yanapinda. Walibora aliandika tawasifu yake baadaye, Nasikia Sauti ya Mama, mwaka 2014. Kwenye riwaya sema "msimulizi" au taja jina la mhusika. Kwenye tawasifu unaweza kusema "mwandishi".

Umemaliza hatua hii ukiweza kuandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lako: jina la kitabu, mwandishi, aina yake, mwaka na mchapishaji wa toleo ulilonalo. Usidharau toleo. Vitabu vyetu vingi vimechapwa upya, kurasa zikahama, na utakapotaja ukurasa wa 45 mwenzako atafungua 45 yake akute jambo jingine kabisa. Kwa hiyo andika pia sura.

## Hatua ya 2: Soma huku ukiweka alama za aina tatu

Huu ndio msingi wa kila kitu kinachofuata. Unaposoma, weka kipande cha karatasi kwenye ukurasa kila unapokutana na moja kati ya mambo matatu, na juu ya kipande andika alama yake kwa penseli:

Alama ya mshangao (!) pale ulipoguswa. Ulicheka, uliogopa, ulikasirika, ulisoma sentensi mara mbili kwa utamu wake.

Alama ya kuuliza (?) pale uliposhindwa kuelewa au kuamini. Kwa nini mama huyu hakusema kitu? Mtu anasafirije siku tatu bila kula?

Alama ya mkasi (X) pale ulipochoka, ukatamani mwandishi angekata. Usiionee haya alama hii. Msomaji anayeheshimu kitabu anakiri pia pale kilipomchosha.

Kwenye daftari andika ukurasa, alama, na maneno matatu au manne tu ya kukukumbusha. Mfano: "uk. 31, ?, baba kasoma barua". Usiandike muhtasari wa sura. Ukianza kuandika muhtasari wa kila sura, umeshajiandalia hotuba ileile ya dakika kumi.

Kwa nini ufanye hivi wakati wa kusoma, si baada? Kwa sababu ukishamaliza kitabu, kumbukumbu inabakiza mwisho na matukio makubwa. Mambo madogo yaliyokufanya ukione kitabu kuwa hai yanapotea: namna mtu alivyofunga mlango, jibu fupi la mke, harufu ya chumba. Na maoni mazuri hutoka kwenye hayo madogo.

Ukifika mwisho wa kitabu ukiwa na alama kati ya nane na kumi na tano, uko sawa. Ukiwa na arobaini, ulikuwa unaweka alama kwenye kila tukio. Ukiwa na mbili, ama kitabu hakikuhusu ama ulikisoma usingizini. Rudia sura moja unayoikumbuka zaidi, taratibu, kabla hujasonga mbele.

## Hatua ya 3: Simulia kwa sentensi tatu, kisha acha

Kitabu kikiisha, kaa nacho usiku mmoja bila kuandika. Kesho yake kifunge, kiweke mbali, na uandike sentensi tatu:

1. Nani, yuko wapi, anataka nini.
2. Nini kinamzuia.
3. Anafika kwenye njia panda gani.

Hakuna sentensi ya nne, na mwisho wa kitabu usiutaje. Sentensi ya tatu inaishia kwenye njia panda, haivuki.

Kwa mfano, kwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi: "Rosa ni binti anayekulia Ukerewe, kwenye nyumba ya baba mlevi na mkali. Baba anamchunga kwa kipigo asikaribiane na wavulana. Anapokwenda shule ya bweni, mbali na jicho la baba, anajikuta na uhuru ambao hakuna aliyemwandaa kuutumia."

Inatosha. Asiyeisoma ameelewa tunazungumzia nini, na aliyeisoma hajachoshwa. Isome kwa sauti huku ukijipimia muda. Kama inazidi nusu dakika, punguza majina ya watu. Majina mengi ndiyo hujaza muhtasari, na msikilizaji hayakumbuki hata moja.

## Hatua ya 4: Andika msimamo mmoja unaoweza kupingwa

Hapa ndipo penye kazi. Msimamo ni sentensi moja inayosema unachokiamini kuhusu kitabu, kwa namna ambayo mtu mwingine mwenye akili timamu, aliyesoma kitabu hichohicho, anaweza kusema "hapana, mimi sioni hivyo".

Anza kwa kujipiga marufuku maneno haya: kizuri, kinafundisha, kinasisimua, kinaelimisha jamii, lugha nyepesi, mwandishi ni mahiri. Si kwamba ni ya uongo. Ni kwamba yanafaa kwa kitabu chochote kile. Ukiweza kulitoa jina la kitabu chako ukaweka la kingine na sentensi ikabaki sawa, hujasema kitu kuhusu kitabu chako.

Sasa rudi kwenye daftari, tazama alama zako na utafute zinazofanana. Je, alama za mshangao nyingi zinamhusu mtu mmoja? Je, alama za kuuliza zimerundikana mwishoni? Je, kila X iko kwenye hotuba ndefu za mhusika mmoja? Huo mrundikano ndio maoni yako. Ulikuwa nayo tangu unasoma, ila hujayasema bado.

Tuendelee na Rosa Mistika. Sentensi ya kawaida kikaoni ni hii:

"Riwaya hii inafundisha wasichana waepuke vishawishi."

Nani atabisha? Na kwa kweli kuna vitabu vingi mno ambavyo sentensi hiyo ingevifaa. Linganisha na hii:

"Nimemaliza Rosa Mistika nikimlaumu Zakaria, baba yake, kuliko Rosa mwenyewe: nyumba ile ilimfundisha binti kuogopa, haikumfundisha kuchagua."

Sasa kuna mazungumzo. Mama mmoja atasema watoto wangapi wamelelewa kwa fimbo na hawakuharibikiwa. Kijana atasema Rosa alikuwa na akili zake, mbona mnamwondolea wajibu? Mwalimu atauliza kama shule nayo haina lawama. Wote watafungua kitabu kutafuta pa kushika, na kikao hakihitaji zaidi ya hapo.

Mifano mingine ya kubadili sentensi butu kuwa msimamo, kwa kitabu chochote:

*Butu:* "Wahusika wamechorwa vizuri."
*Msimamo:* "Nilimwamini bibi kuliko mhusika mkuu, kwa sababu bibi hukosea na kujirudi, lakini mhusika mkuu hakosei hata mara moja."

*Butu:* "Mwisho unahuzunisha."
*Msimamo:* "Mwisho umeharakishwa: ugomvi uliojengwa kwa sura tisa umemalizwa kwa barua moja."

*Butu:* "Kitabu kinaonyesha maisha ya mjini."
*Msimamo:* "Mji katika riwaya hii ni wa wanaume tu. Kila mwanamke tunamkuta ndani ya nyumba, hata yule tunayeambiwa ni mfanyabiashara."

Onyo: msimamo si lazima uwe wa kukosoa. Wapo wanaodhani kutafuta kasoro ndiyo usomi. Unaweza kusimama imara upande wa kusifu, mradi useme ni nini hasa unachokisifu na kwa nini kingeweza kushindikana. "Sura ya kilio ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu mwandishi amemwacha mjane aongelee bei ya mchele tu" ni sifa, na ni sifa inayobishika.

Ipime sentensi yako hivi: mwambie mtu mmoja aliyesoma kitabu hicho. Akijibu "ndiyo, kweli" na kunyamaza, rudi ukainoe. Akijibu "lakini..." umeshaipata.

## Hatua ya 5: Tafuta ushahidi wa pande mbili

Msimamo bila ukurasa ni ubishi wa kijiweni. Chagua sehemu mbili za kitabu zinazounga mkono unachosema. Mbili tu, tatu zinakula muda wa wenzako.

Kwa mfano wetu, sehemu ya kwanza ingekuwa tukio la barua katika sura za mwanzo: Rosa anapata barua ya mvulana, baba anaipata, na kinachofuata ni kipigo. Usiishie kusema "Zakaria alimpiga Rosa". Sema unachokiona pale: hakukuwa na swali. Baba hakumuuliza binti anafikiri nini kuhusu huyo mvulana, hakumweleza anachokihofia. Adhabu ilikuja mahali ambapo mazungumzo yangekuwa. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayomwonyesha msikilizaji jinsi ulivyotoka kwenye tukio ukafika kwenye msimamo.

Kisha fanya jambo ambalo wachache hulifanya. Tafuta sehemu moja inayokupinga. Katika nyumba ileile ya Zakaria yumo Regina, mama mpole na mchapakazi, anayewabeba watoto wake. Kama nyumba ndiyo ya kulaumiwa, mbona mfano wa mama haukutosha? Msimamo wangu unapaswa kulijibu hilo au kukiri kwamba hapo unayumba. Mimi ningejibu kwamba Regina mwenyewe anaishi kwa hofu, na uvumilivu wake, hata uwe wa kupendeza namna gani, haumfundishi binti namna ya kusema hapana. Mwingine anaweza kukataa jibu hilo, na ana haki.

Ukinukuu, nukuu kifupi: sentensi moja au mbili, neno kwa neno, ukitaja sura na ukurasa. Ifanyie mazoezi kuisoma kwa sauti nyumbani. Sentensi nzuri ikisomwa kwa kigugumizi inapoteza nguvu, na mwandishi aliihangaikia.

## Hatua ya 6: Kama ni tawasifu, ongeza maswali haya

Wasomaji wa riwaya wakikutana na tawasifu hufanya moja kati ya makosa mawili. Ama wanakubali kila neno kwa kuwa "yeye ndiye aliyekuwapo", ama wanaanza kumhukumu mtu badala ya kitabu. Maswali manne yatakukinga.

Anakumbuka kutoka umbali gani? Tafuta mwaka wa matukio na mwaka wa kuandika. Katika Mbali na Nyumbani, iliyotoka 2013, Adam Shafi anasimulia safari ya ujana wake, alipoondoka Zanzibar akiwa na ndoto ya kufika Ulaya. Uzito wa kitabu uko kwenye safari ile, na safari ile ilikuwa ya kabla ya Mapinduzi ya 1964. Kati ya kijana anayesafiri na mzee anayeandika pana karibu nusu karne. Kwa hiyo kila mara jiulize: hapa anayesema ni kijana au ni mzee? Hofu hii ni ya wakati ule, au ni busara iliyokuja baadaye? Na mazungumzo yanayoandikwa neno kwa neno baada ya miaka mingi hivyo yachukue kama kumbukumbu iliyopewa umbo, si kama kanda iliyorekodiwa. Kusema hivyo si kumwita mwandishi mwongo. Ndivyo kukumbuka kulivyo.

Ameruka nini? Chora mstari kwenye daftari, weka miaka ya maisha ya mwandishi, na chini ya kila kipindi andika kimepewa kurasa ngapi. Zoezi hili linachukua robo saa na linafichua mengi kuliko jambo jingine lolote ninalolijua. Utakuta utoto umepewa kurasa sitini, ndoa kurasa moja na nusu, na miaka saba ya kazi aya mbili. Usikimbilie kusema anaficha. Huenda kuna waliohusika ambao bado wako hai na hakutaka kuwaumiza. Lakini pengo ni sehemu ya kitabu, na una haki ya kuliuliza.

Nani hakupewa nafasi ya kusema? Mke, dada, mfanyakazi wa nyumbani, rafiki waliyegombana. Tazama kama wana majina, na kama wanatamka hata sentensi moja.

Anamwandikia nani? Wajukuu? Wapinzani wake? Mungu? Kitabu cha kujitetea kinasomwa tofauti na kitabu cha kuaga.

Tahadhari kubwa ni kwa tawasifu za viongozi. Chukua Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kitabu cha Rais wa awamu ya pili wa Tanzania, Ali Hassan Mwinyi, kilichotoka 2021. Ukikifungua kikaoni, ndani ya dakika mbili watu wanabishana kuhusu miaka ya 1985 hadi 1995 yenyewe: maduka, bei, nani aliumia, nani alinufaika. Ni mazungumzo halali, lakini si ya kitabu. Mrudishe kila msemaji kwa swali moja: "Mwandishi mwenyewe anaueleza wapi uamuzi huo, na anautetea kwa sababu ipi?" Mwenye jibu aendelee. Asiye nalo asome kwanza.

## Hatua ya 7: Sema kitabu kimfikie nani

"Nawashauri wote mkisome" haimsaidii mtu. Hakuna kitabu cha wote. Sema wazi: kinamfaa mzazi mwenye mabinti wanaokwenda bweni, hakimfai anayetafuta kitu chepesi cha kusoma kwenye daladala, kinahitaji uvumilivu kwa sura tatu za kwanza.

Kama kitabu kina mambo mazito, ubakaji, kujiua, mateso ya watoto, taja kwamba yamo bila kutaja yanampata nani na lini. Kikaoni huwezi kujua nani amepita wapi. Hii si kuficha vitabu. Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku shuleni kwa kuzungumza waziwazi kuhusu mapenzi, na wasomaji hawakuacha kuitafuta. Kumtahadharisha mtu mzima ni jambo moja, kumfungia kitabu ni jingine kabisa.

## Hatua ya 8: Zungumza kwa dakika tano

Gawa muda wako hivi: nusu dakika muhtasari, nusu dakika msimamo, dakika tatu ushahidi pamoja na kile kinachokupinga, nusu dakika nani asome, na nusu ya mwisho swali moja unalowaachia wenzako. Washa kipima muda. Kikilia, maliza sentensi uliyonayo, ukae.

Anza na msimamo ukiweza, muhtasari ufuate. Watu husikiliza kwa makini zaidi wakishajua unataka kuthibitisha nini.

Upande wa kubishana una ugumu wake kwetu. Kijana aliyelelewa vizuri anaona vibaya kumpinga mtu wa umri wa baba yake mbele za watu, basi ananyamaza, na kikao kinabaki cha wazee watatu. Nimeona dawa mbili zikifanya kazi. Ya kwanza: anayeongoza aanze mzunguko kwa mdogo kuliko wote, mkubwa amalizie. Mzee akishasema, vijana huwa hawana la kuongeza. Vijana wakitangulia, mzee huwa na mengi ya kujibu. Ya pili: ubishi uelekezwe kwenye ukurasa, si kwa mtu. "Mzee wangu, kwa ruhusa yako, hapo sura ya tatu mimi nimepasoma tofauti" ni sentensi yenye heshima yote na upinzani wote. "Umekosea" haina hata kimoja.

Na kama umesikia hoja iliyokutikisa, iandike palepale. Hakuna sheria inayokulazimisha kuondoka na msimamo uliokuja nao.

Utajua umefanikiwa ukiona mtu ambaye hakukisoma anauliza kama kuna nakala nyingine rafuni, au wawili waliokisoma wanaendelea kubishana mlangoni.

## Hatua ya 9: Acha kadi ya maoni

Maneno ya kikaoni yanapotea. Kadi inabaki. Ombeni mkutubi awatengee kisanduku kwenye meza ya kuazima, mpange kadi kwa majina ya vitabu. Usiibandike kadi ndani ya kitabu kwa gundi, inaharibu karatasi.

Kadi haizidi maneno mia moja na hamsini. Mfano wa iliyokamilika:

> Rosa Mistika, Euphrase Kezilahabi. Riwaya.
>
> Kwa ufupi: Rosa anakulia Ukerewe kwa baba mlevi na mkali. Anapokwenda bweni anapata uhuru ambao hakuna aliyemwandaa kuutumia.
>
> Msimamo wangu: Namlaumu Zakaria kuliko Rosa. Nyumba ilimfundisha kuogopa, haikumfundisha kuchagua.
>
> Tazama: sura za mwanzo, tukio la barua. Baba anapiga kabla ya kuuliza.
>
> Kinachonipinga: Regina, mama mwema, anaishi nyumba hiyohiyo. Je, mfano wake haukuwa na nguvu?
>
> Kimfikie: mzazi yeyote anayedhani ukali unatosha. Kina mambo mazito kuhusu mapenzi na mwili.
>
> Swali kwako: Ungekuwa Regina, ungemwambia nini Rosa usiku wa kuamkia safari ya shule?

Andika jina lako la kwanza tu na mwezi. Namba ya simu usiweke, kadi inapita mikono mingi.

Mtu akija na maoni yanayopingana na yako, kadi yake iwekwe nyuma ya yako, zote mbili zibaki. Asipatikane wa kuiondoa kwa sababu imemuudhi. Mkutubi na mwongozaji wa kikao wakubaliane hilo mapema, na kisanduku kikaguliwe kila baada ya miezi michache ili kadi zilizochakaa zinakiliwe upya.

Kabla hujarudisha kitabu, chomoa vipande vyako vyote vya karatasi. Kitikise kikiwa kimeangalia chini uhakikishe hakuna kilichobaki, kisha bandika vile vyenye alama nzito kwenye daftari lako pamoja na namba za kurasa. Mwakani ukikutana na mtu anayekisoma, utakuwa na pa kuanzia.